UZI: Moyo unadunda, vipimo safi, "huna kitu". Tuzungumze wasiwasi uliopindukia

Mnasihi_Nyakato

Wakuu, mwangaluka.

Kuna mgonjwa ambaye kila kituo cha afya cha Mwanza kinamjua, kuanzia Igoma mpaka Nyegezi. Anafika usiku kwa bodaboda, ameshika kifua, vidole vimekufa ganzi, anasema anakufa. Anapimwa presha, malaria na sukari, anaambiwa hana kitu. Wiki mbili baadaye yuko kituo kingine. Mwisho wa yote anaondoka na mfuko wa dawa za vidonda vya tumbo au anabandikwa "taifodi sugu", na nyumbani minong'ono imeshaanza kwamba karogwa.

"Huna kitu" ni jibu baya. Ana kitu, na kina jina: shambulio la hofu. Linapanda haraka, linafika kilele ndani ya dakika chache, mara nyingi kama 10, halafu linashuka lenyewe hata usipofanya lolote. Shambulio moja bado si ugonjwa. Watu wengi hulipata mara moja maishani likaishia hapo. Linakuwa ugonjwa mashambulio yanapojirudia bila taarifa, na mtu akaishi mwezi mzima au zaidi akiogopa lijalo, au akabadilisha maisha yake kulikwepa: hapandi daladala iliyojaa, hakai benchi la mbele kanisani, halali peke yake.

Ndugu zake ni hawa. Wasiwasi wa jumla, ambapo mtu anahangaikia kila kitu (ada, afya, watoto, mvua) siku nyingi kuliko siku za utulivu kwa miezi 6 au zaidi, huku misuli imekaza na usingizi haupo. Hofu ya watu, ambayo huanza sana ujanani na watu huiita aibu tu. Hofu ya kitu maalumu, kama maji, sindano au nyoka, ambayo mara nyingi huanzia utotoni. Waliobaki na jinamizi baada ya ajali au ukatili wamewekwa kundi lao tangu mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa 2013, ingawa tiba zinakaribiana.

Kinachotokea mwilini ni hiki. Ubongo una king'ora cha hatari. Kikilia, adrenalini inamwagika, moyo unaongeza kasi, damu inaenda kwenye misuli ya kukimbilia, tumbo linasimamisha kazi yake (ndiyo maana kichefuchefu), na unapumua haraka. Ukipumua haraka bila kukimbia, unatoa kaboni dioksaidi nyingi kupita kiasi. Ikishuka ndipo unapopata ganzi ya midomo na vidole, kizunguzungu, na wakati mwingine mikono kujikunja. Mgonjwa anahisi hewa haitoshi, anavuta zaidi, hali inazidi. Hewa anayo tele, kilichopungua ni hiyo kaboni dioksaidi.

Chanzo si kimoja. Tafiti za mapacha zinaonyesha kurithi kunachangia karibu theluthi moja kwenye wasiwasi wa jumla. Vyanzo vingine ni tabia ya kuzaliwa nayo, malezi ya vipigo au kufiwa mapema, na shinikizo la maisha la sasa. Wanawake hupata karibu mara mbili ya wanaume. Lakini kilichouanzisha ugonjwa na kinachouendeleza ni vitu viwili tofauti, na kwenye tiba hiki cha pili ndicho chenye uzito. Kinachouendeleza ni nafuu ya haraka. Umeshuka kwenye daladala ukapata nafuu, umepima tena ECG (umeme wa moyo) ukapata nafuu, umemeza diazepamu (kidonge cha kutuliza) ukapata nafuu. Kila mara king'ora kinajifunza kwamba kweli kulikuwa na hatari na umeponea chupuchupu. Ni mkopo wa kausha damu: unapokea leo, riba unailipa wiki nzima.

Karibuni. Tabibu na watu wa dawa wajazie.

Furu_Mweusi

Umesomeka mkuu. Ila swali la msingi: mtu atajuaje si moyo kweli? Maana kumwambia mtu "ni hofu tu" halafu akaanguka ni kesi.

Tabibu_Igoma

Swali zuri, na mwenye kulijibu ni tabibu aliyemshika mgonjwa mkono, si uzi. Nitaeleza kinachotakiwa kufanyika.

Mara ya kwanza mtu apimwe kikamilifu, mara moja, vizuri. Mapigo na presha, wingi wa damu, sukari, homoni ya tezi ya shingo, na kipimo cha umeme wa moyo. Mwanamke aulizwe kuhusu ujauzito. Tezi ya shingo inasahaulika sana: ikifanya kazi kupita kiasi, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, jasho linatoka, uzito unapungua, na mtu anaweza kutibiwa wasiwasi mwaka mzima bure.

Upungufu wa damu nao huleta moyo kudunda na kuishiwa pumzi ukipanda mlima, na Mwanza ni milima na mawe kila upande. Kwa wanaoishi mwaloni, ufukweni kwa wavuvi, tafuteni kichocho na minyoo kabla ya kutoa vidonge vya kuongeza damu tu. Kuna familia pia zenye seli mundu. Maumivu ya kifua kwa mwenye seli mundu ni dharura, msiyaite hofu.

Halafu ulizeni anachokunywa na anachomeza. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu kwa kawaida lina kafeini kama miligramu 80. Dereva wa usiku au mvuvi wa dagaa akinywa manne mpaka alfajiri ameingiza zaidi ya 300, bila kula, bila kulala. Huyo dawa yake ya kwanza ni kupunguza kopo moja kila baada ya siku chache, maana akiacha ghafla kichwa kitampasuka. Mirungi inafanya hivyo hivyo. Pampu ya pumu yenye salbutamoli inaleta kutetemeka. Meflokwini ya kukinga malaria inajulikana kwa kuleta wasiwasi na ndoto mbaya. Gongo ni fundi wa kudanganya: usiku inatuliza, asubuhi pombe inapotoka mwilini wasiwasi unarudi mara mbili.

Dalili za kukimbilia hospitali bila kujadiliana: maumivu ya kifua yanayokuja ukifanya kazi na kwenda mkono au taya, hasa kwa mtu mzima, mwenye presha au kisukari; kuzimia katikati ya mazoezi; kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi; miguu kuvimba; upande mmoja wa mwili kulegea; homa na kuchanganyikiwa. Na mtu yeyote anayesema anataka kujiua, hata kama anasema kwa utani.

Vipimo vikitoka safi, visirudiwe bila dalili mpya. ECG ya tano haitibu, inalisha.

Kaunta_ya_Dawa

Nakazia kwa tabibu, na niingie upande wangu.

Diazepamu kwanza, maana ndiyo inayotafutwa dukani bila cheti. Inafanya kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja, na hapo ndipo mtego ulipo. Ukiitumia kila siku kwa wiki kadhaa mwili unaizoea, dozi ileile haitoshi, na ukikosa unapata wasiwasi mkali kuliko ule wa mwanzo. Mtu anadhani ugonjwa umerudi kumbe ni mwili unaidai dawa. Nafasi yake ni ya muda mfupi, wiki 2 hadi 4 basi, kwa maelekezo ya daktari. Inakaa mwilini muda mrefu, hivyo aliyekunywa usiku asubuhi bado hafai kuendesha pikipiki wala kuingia kwenye mtumbwi. Ikichanganywa na pombe au tramado (dawa kali ya maumivu) inaweza kusimamisha pumzi usingizini. Wazee wanaanguka na kuvunjika nyonga.

Aliyekwisha kuizoea ASIACHE GHAFLA. Anaweza kupata degedege. Inapunguzwa polepole, kama asilimia 10 ya dozi kila wiki moja au mbili, na daktari akijua.

Dawa za kutibu hasa ni zile zinazotumika pia kwa sonona: fluoksetini na setralini. Kwa mwenye mashambulio ya hofu zinaanzwa chini, kwa sababu siku za mwanzo zenyewe huongeza mtetemo. Setralini huanzwa nusu ya kidonge cha 50, yaani miligramu 25, kwa wiki moja hivi, kisha 50, na daktari anaweza kupandisha hadi 200. Fluoksetini huwa kapsuli ya 20 isiyokatika, lakini inakaa sana mwilini, kwa hiyo baadhi ya madaktari huanza na moja kila baada ya siku moja.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wiki ya kwanza na ya pili: kichefuchefu, kichwa, usingizi kuruka, wasiwasi kupanda kidogo. Mtu anasema "dawa hii imenizidishia" anaitupa siku ya tano. Nafuu yenyewe inaanza wiki ya 2 hadi ya 6. Anayeitupa dawa mapema hivyo anahukumu kabla shahidi hajafika kortini.

Kosa la pili ni la miezi ya baadaye: amepona, anaacha. Dawa inaendelea miezi 6 hadi 12 baada ya kupona, ndipo inashushwa taratibu. Na kuna jambo ambalo wanaume hawalisemi dirishani: dawa hizi zinaweza kuchelewesha kufika kileleni na kupunguza hamu. Mtu anaacha kimyakimya, daktari anadhani dawa imeshindwa. Semeni. Dozi inaweza kurekebishwa au dawa kubadilishwa.

Tahadhari mbili. Walio chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Na aliyewahi kuwa na vipindi vya furaha iliyopitiliza, halali, anagawa mali, amwambie daktari kabla, maana dawa hizi zikitumika peke yake zinaweza kumrusha huko.

Amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, bado inatolewa sana kwa sababu ipo na ni rahisi. Inasaidia, lakini ikizidishwa inaua kwa moyo. Isikae nyumbani kopo zima kwa mtu aliyekata tamaa.

Dada_wa_Buzuruga

Na propranololi? Kuna wanafunzi wa chuo wanaimeza kabla ya kuwasilisha kazi darasani.

Kaunta_ya_Dawa

Dada, hiyo inazuia moyo kudunda na mikono kutetemeka, haigusi mawazo. Miligramu 10 hadi 40, saa moja kabla. Kwa tukio moja inafaa akishauriwa na daktari. Kwa mwenye pumu ni hatari, inabana njia ya hewa. Mwenye mapigo ya polepole asiiguse. Na akiimeza kila darasa, soma tena mkopo wa kausha damu hapo juu.

Mnasihi_Nyakato

Sasa tiba ya mazungumzo, maana watu wanadhani ni kupewa maneno ya faraja. Sivyo. Ni mazoezi yenye kazi ya nyumbani, kwa kawaida vikao 12 hadi 16, na sehemu yenye nguvu kuliko zote ni kukabili unachokiogopa kwa ngazi.

Mfano wa hapa kwetu: hofu ya pantoni. Wa Sengerema tangu Juni 2025 anapita daraja la Kigongo–Busisi, hana habari. Lakini mwenye kwao Ukerewe akishindwa kupanda chombo, anakosa misiba ya kwao.

Unachukua karatasi, unaorodhesha hali kumi na kuzipa alama kuanzia 0 (shwari) hadi 100 (hofu kuu). Kutazama video ya pantoni ikipakia magari, labda 20. Kukaa nusu saa karibu na gati la Kamanga ukitazama abiria, 35. Kuvuka Kamanga mchana na ndugu, ziwa likiwa limetulia, 50. Kuvuka peke yako, 65. Pantoni ya Kisorya kwenda Rugezi, Ukerewe, 75. Meli ya Mwanza mpaka Nansio, 90. Unaanza na ya 30 au 40. Ya 10 haifundishi kitu, na ya 90 siku ya kwanza itakukimbiza.

Kabla ya kila zoezi andika utabiri wako kwa maneno kamili: "Nitazimia" au "Nitapiga kelele watu wanishangae". Usiandike "nitaogopa", maana hilo litatokea kweli na hutajifunza lolote. Kisha kaa. Hofu itapanda, itasimama, na kwa watu wengi itashuka ndani ya nusu saa hadi saa. Isiposhuka si kufeli. Unachotafuta ni kuona utabiri haukutimia. Ukirudi, andika kilichotokea. Rudia hatua hiyohiyo mara 4 au 5 kwa wiki mpaka ichoshe, ndipo upande ngazi. Mara moja kwa mwezi haitoshi, king'ora kimeshasahau.

Kinachoharibu zoezi ni vijihirizi vya usalama. Diazepamu mfukoni "ikitokea tu". Kushika mkono wa ndugu muda wote. Kufumba macho na kusikiliza nyimbo mpaka ng'ambo. Umevuka, ndiyo, lakini ubongo unakipa sifa kidonge cha mfukoni.

Furu_Mweusi

Mkuu hapa nakupinga. MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996 karibu tu na hapa. MV Nyerere ilipinduka 20 Septemba 2018 ikikaribia Ukara. Watu wa ziwa hili wamezika mamia. Unaitaje hofu hiyo ugonjwa?

Mnasihi_Nyakato

Siiti yote ugonjwa, na umefanya vizuri kulileta. Anayekataa kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi ana akili timamu. Anayesubiri upepo utulie ana akili timamu. Jaketi okozi si kijihirizi, livae na ulifunge. Ugonjwa ni pale chombo kiko sawa, ziwa liko sawa, mtu mwenyewe anakubali kiko sawa, na bado hawezi hata kupita barabara ya gatini. Zoezi linafanywa kwenye chombo halali, mchana, bila msongamano. Hatumfundishi mtu ujasiri wa kipumbavu.

Aliyepoteza ndugu kwenye ajali hizo na bado anaiona maiti kila akifumba macho asianze na ngazi hii. Aanze na mtaalamu.

Tabibu_Igoma

Hujagusa kupumua. Shambulio likiwa linaendelea, mgonjwa anahitaji kitu cha kufanya. Mkono mmoja tumboni, vuta kwa pua ukihesabu 4, toa polepole ukihesabu 6, kama pumzi 6 kwa dakika, kwa dakika 5. Tumbo lipande, kifua kitulie. Kosa la wasaidizi ni kusema "vuta hewa nyingi, vuta!", hapo mnaongeza tatizo. Na msimfunike mdomo na mfuko wa karatasi kama kwenye sinema. Kama kumbe ni pumu au moyo, mmemnyima hewa kweli.

Mnasihi_Nyakato

Nakubali kwa wiki za mwanzo. Baada ya hapo kupumua nako kunageuka kijihirizi: "nisipohesabu nitakufa". Kwa hiyo kwa mwenye mashambulio ya hofu tunafanya kinyume, tunazileta dalili kwa makusudi. Kukimbia papo hapo dakika 1, moyo udunde. Kuzunguka kwenye kiti sekunde 60, kizunguzungu kije. Kupumua kwa mrija mwembamba wa soda dakika 1, pua imebanwa. Kupumua haraka dakika 1, ganzi ije. Baada ya kila moja unakaa bila kufanya lolote, unaipa alama, unasubiri, unarudia. Zoezi lililokutisha 70 mara ya kwanza linakuwa 20 ndani ya siku chache. Mtu anaiona ganzi ya vidole kama ganzi ya vidole.

Tabibu_Igoma

Hapo sina ubishi, ila ongeza: si kwa mjamzito, mwenye moyo, pumu, au kifafa. Na lile zoezi la kwanza lifanyike mbele ya mtaalamu.

Dada_wa_Buzuruga

Mwanza mtu aanzie wapi? Na waliopelekwa kwenye maombi au kwa mganga tuwaambieje?

Tabibu_Igoma

Aanzie kituo cha afya kilicho karibu, aombe rufaa. Hospitali ya rufaa ya mkoa ya Sekou Toure, na Bugando kule juu kilimani ambako kuna idara ya magonjwa ya akili. Aende na vipimo vyake vyote vya nyuma na dawa zote anazomeza, pamoja na za kienyeji, kwenye mfuko mmoja.

Kuokoa muda wa daktari, ajijibie kwanza dodoso la GAD-7. Ni maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita: kuwa na wasiwasi, kushindwa kuuzuia, kuhangaikia mambo mengi, kushindwa kutulia, kushindwa kukaa kitako, kukasirika upesi, na kuhisi jambo baya litatokea. Kila moja: 0 hapana, 1 siku kadhaa, 2 zaidi ya nusu ya siku, 3 karibu kila siku. Jumla 5 ni kidogo, 10 ni wastani na hapo mtu aonane na mtaalamu, 15 ni kali. Halitoi jina la ugonjwa, linatoa mahali pa kuanzia mazungumzo. Lijazwe tena kila baada ya wiki 4, lionyeshe kama tiba inakwenda.

Kuhusu maombi, msigombane na mtu. Maombi na vidonge vinakaa nyumba moja. Mnachokataa ni vitatu tu: kuambiwa atupe dawa, kufunga kula wakati anaanza dawa mpya, na kufungwa kamba au kuchapwa.

Furu_Mweusi

La mwisho kwangu. Wale wanaoanguka wakiona sindano au damu, ngazi ni ileile?

Mnasihi_Nyakato

Ngazi ileile, ila mwili unafanya kinyume. Kwenye hofu nyingine presha inapanda, ndiyo maana mtu kwenye shambulio huhisi atazimia na ni nadra azimie. Kwenye hofu ya damu presha inapanda kidogo kisha inaporomoka, na anaanguka kweli. Kwa hiyo huyu usimwambie alegeze mwili. Akaze misuli ya mikono, miguu na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka asikie uso umepata joto. Aachie sekunde 20 hadi 30, bila kulegea kabisa. Arudie mara 5. Afanye nyumbani kila siku kwa wiki moja kabla ya kwenda maabara, na siku ya kutolewa damu aombe kulala kitandani, akaze miguu na mkono ule mwingine, ule wa sindano auache ulegee.